Gari la Petroli na Umeme kwa Dereva wa Safari Nyingi: Je, Lafaa?

Gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja si kitu kigeni tena katika barabara zetu. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi Desemba 1997. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Tanzania na Kenya hutoka Japani, ambako usukani huwa upande wa kulia kama kwetu, na kwa hiyo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wamekwisha kuzoea kuyafungua magari mseto na kuyafunga tena. Sasa linakuja kundi la pili, ambalo katika makala haya tutaliita magari mseto ya kuchaji: yana tangi la petroli, na tena yana waya wa kuchomekwa katika soketi ya nyumbani.

Wauzaji huyasifu magari haya kwa watu wanaosafiri sana. Hoja yao husikika kuwa nyepesi kueleweka: anayetumia petroli nyingi ndiye mwenye petroli nyingi ya kuokoa. Hoja hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe ni ya kihesabu wala si ya kifundi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua asilimia na milinganyo sahili aweza kuigundua mwenyewe, na kwa kuigundua huenda akamwokoa mzazi wake na mkopo wa SACCOS ambao marejesho yake hayangojei mtu.

Matangi mawili yasiyolingana

Yafaa kwanza tutofautishe. Gari mseto la kawaida halichomekwi popote. Betri yake ni ndogo, na umeme wake wote asili yake ni petroli ile ile iliyomo tangini: injini huzungusha jenereta, na gari linapopunguza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nishati ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto la breki. Gari mseto la kuchaji hufanya hayo yote, lakini betri yake ni kubwa mara kadhaa, na hupokea umeme wa gridi. Kampuni ya BYD ya China ilitoa gari la namna hiyo, F3DM, mwezi Desemba 2008. Chevrolet Volt ya Marekani ikafuata Desemba 2010. Sisi tutachukua kielelezo chetu katika Mitsubishi Outlander PHEV, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ikiwa na injini ya lita 2, mota mbili za umeme, tangi la lita 45 na betri ya kilowati-saa 12.

Sasa tuyapime matangi hayo mawili. Lita moja ya petroli ina nishati ya kilowati-saa 9 kasoro kidogo. Tangi la lita 45 basi hubeba karibu kilowati-saa 400, na petroli hiyo yote uzito wake hauzidi kilo 34. Betri yenye kilowati-saa 12 tu ina uzito upatao kilo 200. Kilo kwa kilo, petroli inabeba nishati karibu mara 200 kuliko betri hiyo. Hili ndilo jambo lililoifanya petroli itawale barabara kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa betri nzima ni sawa na lita moja na theluthi tu ya petroli, yawezaje kulipeleka gari zito kilometa 40 au 50? Jawabu limo katika ufanisi. Injini ya petroli barabarani hugeuza robo tu, au zaidi ya robo kidogo, ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki huenda zake kama joto katika rejeta na katika ekzosi. Hata injini ya Prius ya mwaka 2015, iliyosifiwa sana, ilifikia asilimia 40 katika hali yake bora kabisa, si katika kila hali. Mota ya umeme kwa upande wake hutoa magurudumuni zaidi ya asilimia 80 ya nishati iliyotoka betrini. Kwa hiyo kilowati-saa moja ya umeme hufanya kazi ya kilowati-saa tatu za petroli. Hata hivyo tatu haiwezi kufuta tofauti ya 400 na 12. Tangi la umeme ni dogo sana, na kila uamuzi kuhusu gari hili hutokana na udogo huo.

Kilometa 25 za maabara

Outlander ilipoingia Ulaya, karatasi zake rasmi zilisema kwamba hutumia lita 1.9 za petroli kwa kilometa 100. Ni tarakimu ya kushangaza kwa gari la umbo hilo, na haikuwa ya uongo. Ilipatikana kwa kanuni iliyoandikwa na kukubaliwa na serikali. Tuifuate hatua kwa hatua.

Gari hupimwa kwanza likiwa na betri iliyojaa: likaenda kilometa 52 bila kuwasha injini. Kisha hupimwa likiwa na betri iliyokwisha: likatumia lita 5.8 kwa kilometa 100. Ili kuziunganisha hali hizi mbili katika tarakimu moja, kanuni ya wakati ule ilichukulia kwamba dereva, baada ya kumaliza umeme wake wote, ataendesha kilometa 25 tu kwa petroli kabla hajachaji tena. Kilometa 25 kwa kiwango cha lita 5.8 ni lita 1.45. Mwendo wote ni 52 jumlisha 25, yaani kilometa 77. Gawanya lita 1.45 kwa kilometa 77, zidisha kwa 100, nawe utapata 1.88. Ndiyo ile 1.9.

Kila kitu basi kimejificha katika zile kilometa 25. Mpe gari hilo hilo dereva anayekwenda kilometa 300 kati ya kuchaji na kuchaji. Kilometa 52 ni za umeme, 248 ni za petroli. Petroli ni lita 14.4, na wastani ni lita 4.8 kwa kilometa 100. Gari halijabadilika hata skrubu moja, lakini tarakimu imezidi mara mbili na nusu. Tena bado tunatumia kipimo cha maabara, ambapo hakuna kiyoyozi, hakuna kilima, wala hakuna basi la kulipita kwa haraka.

Waliopata funzo hili kwa gharama kubwa ni watunga sera wa Ulaya. Uholanzi ilikuwa imesamehe kodi ya matumizi binafsi kwa magari ya kampuni yenye tarakimu ndogo namna hiyo, mradi yasajiliwe kabla ya mwaka 2014. Katika wiki za mwisho za 2013 Outlander ziliuzwa kwa maelfu. Wengi waliozichukua walikuwa madereva wa kampuni, watu wa safari ndefu ambao mwajiri ndiye aliyewalipia petroli. Mtu kama huyo hana haja ya kuamka usiku kuchomeka waya. Nchini Uingereza iliripotiwa mwaka 2018 kwamba baadhi ya magari yalirudishwa mwisho wa mkataba huku waya wa kuchajia ungali katika mfuko wake wa plastiki, na mwaka huo huo serikali ikaondoa ruzuku ya ununuzi wa magari haya. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020 na Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi pamoja na taasisi ya Fraunhofer ulionyesha kwamba magari ya watu binafsi yalikwenda kwa umeme wastani wa asilimia 37 ya mwendo wao, na magari ya kampuni asilimia 20 tu. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya, baada ya kusoma vipimo vilivyotoka ndani ya magari yenyewe, ilitangaza kwamba hewa ya ukaa inayotolewa na magari mseto ya kuchaji barabarani ni wastani wa mara 3.5 ya ile iliyoandikwa katika karatasi zao. Kanuni ya kupimia imekwisha kubadilishwa kwa magari mapya kuanzia 2025.

Sisi tunapokea magari hayo yakiwa yamekwisha kutumika, na mara nyingi tunazipokea pamoja nayo tarakimu zake za zamani.

Wastani wa mwaka hudanganya

Turudi kwa dereva wa safari nyingi. Muulize anasafiri kiasi gani, atakujibu kwa mwaka: kilometa 36,000, tuseme. Jibu hilo halitoshi kuamua chochote. Tunalopaswa kujua ni jinsi kilometa hizo zilivyogawanyika kati ya kuchaji na kuchaji.

Ili tuhesabu, tuchukue makadirio haya, ambayo msomaji ni huru kuyabadilisha kwa bei na vipimo vyake. Umeme wa TANESCO kwa mteja wa nyumbani wa kundi la kawaida tuufanye shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo. Petroli tuifanye shilingi 3,000 kwa lita. Ni bei ya kuhesabia tu, maana EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi. Gari mseto la kuchaji lililotumika tulipe uwezo wa kilometa 40 kwa umeme, likichota uniti 10 ukutani: hiyo ni shilingi 89 kwa kilometa. Betri ikiisha litumie lita 8 kwa kilometa 100, yaani shilingi 240 kwa kilometa. Gari mseto la kawaida la umbo linalokaribiana nalo tulipe lita 6, yaani shilingi 180. Na gari la petroli tupu lita 10, yaani shilingi 300.

Msomaji ataona kwamba gari mseto la kuchaji, betri ikiisha, nimelipa petroli nyingi kuliko mseto la kawaida. Sikukosea. Outlander katika mwendo mdogo haiunganishi injini na magurudumu moja kwa moja. Injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota, mota husukuma gari, na katika kila mageuzi hayo nishati kidogo hupotea.

Dereva wa kwanza anakaa Kibaha na kazi zake ziko Dar es Salaam. Pamoja na mizunguko ya mjini huenda kilometa 120 kila siku, siku 300 kwa mwaka: jumla 36,000. Tuseme ana soketi nyumbani na nyingine kazini. Kilometa 80 zitakwenda kwa umeme, shilingi 7,120. Na 40 kwa petroli, shilingi 9,600. Jumla ni shilingi 16,720 kwa siku. Mseto la kawaida lingemgharimu 21,600, na gari la petroli tupu 36,000. Hapa gari mseto la kuchaji limeshinda bila ubishi.

Sasa mwondolee soketi ya kazini. Kilometa 40 za umeme ni shilingi 3,560, kilometa 80 za petroli ni 19,200, jumla 22,760. Limeshindwa na mseto la kawaida kwa shilingi 1,160 kila siku. Mtu ni yule yule, na gari na barabara ni zile zile. Kilichobadilika ni tundu moja la ukutani katika uwanja wa magari wa mwajiri. Katika nchi za baridi kali kama Finland na Canada viwanja vingi vya magari vina soketi, ambazo hapo awali zilitiwa kwa ajili ya kupasha injini joto alfajiri. Kwetu ofisi yenye soketi uwanjani ni ya kutafuta, na kabla ya kununua gari ni afadhali mtu azungumze na mwajiri wake kuliko na muuzaji.

Dereva wa pili huenda Morogoro na kurudi, karibu kilometa 380, mara 95 kwa mwaka: jumla ni kama kilometa 36,000 vilevile. Tumpe bahati ya kuchaji Dar es Salaam na Morogoro pia. Kilometa 80 ni za umeme, 300 ni za petroli. Gharama ni shilingi 79,120 kwa safari. Mseto la kawaida: 68,400. Tofauti ya 10,720, mara safari 95, ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka anayoilipia fahari ya kuwa na waya wa kuchajia. Ni kweli kwamba bado anatumia pungufu ya mwenye gari la petroli tupu, na muuzaji atamkumbusha hilo. Lakini sehemu kubwa ya unafuu huo inatokana na umseto, si na waya.

Mwalimu wa hisabati aweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la mlinganyo mmoja. Sehemu ya mwendo inayokwenda kwa umeme tuiite x. Gharama ya kilometa ni 89x + 240(1 − x). Ili ilingane na 180 ya mseto la kawaida, x iwe 60 gawanya kwa 151, yaani karibu 0.4. Chini ya asilimia 40 ya umeme, mseto la kawaida ndilo nafuu. Na kwa kuwa kila chaji ina kilometa 40, asilimia 40 hupatikana pale mwendo kati ya kuchaji na kuchaji usipozidi kilometa 100. Kwa makadirio yetu basi, kipeo ni mara mbili na nusu ya uwezo wa betri. Wanafunzi wachore grafu: mhimili mlalo uwe kilometa kati ya chaji, na mhimili wima uwe gharama ya kilometa. Mseto la kawaida litatoa mstari ulionyooka. Mseto la kuchaji litatoa mstari uliolala hadi kilometa 40, kisha mkunjo unaopanda upesi mwanzoni na taratibu baadaye, ukikaribia 240 bila kuifikia kamwe. Petroli ikipanda bei mkunjo na mstari vyote hupanda. Ni vizuri waone kwamba kipeo chenyewe hakihami mbali sana.

Mwili wa gari dhidi ya hewa

Kwa nini barabara kuu huimaliza betri haraka namna hii? Watu wengi hulaumu uzito. Tuujaribu uzito huo kwa hesabu. Kani ya kuzuia matairi yasibiringike ni kama asilimia 1 ya uzito wa gari. Kilo 200 za betri huongeza kani ya nyutoni 20 hivi. Katika kilometa 100 kazi inayofanyika ni megajouli 2, ambazo zikipitia injini ya ufanisi wa asilimia 28 hugharimu pungufu ya robo lita ya petroli. Si kitu cha kumnyima mtu usingizi.

Mlaji mkubwa ni hewa. Mkinzano wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukitoka 80 hadi 100 kwa saa umeongeza mwendo kwa robo, lakini umeongeza mkinzano kwa asilimia 56. Gari pana na refu kwenda juu kama hili, katika kilometa 100 kwa saa, hupambana na hewa kwa kani ipatayo nyutoni 390. Katika safari ya kilometa 100 hiyo ni kama kilowati-saa 11 kwa hewa peke yake, karibu ujazo wote wa betri, kabla hatujayahesabu matairi, vilima na kiyoyozi. Katika kilometa 80 kwa saa hewa hudai kilowati-saa 7.

Mjini mambo hugeuka. Mwendo ni mdogo, hewa haina nguvu, na nishati hupotea katika kusimama na kuondoka. Gari la kilo 1,900 linapokwenda kilometa 50 kwa saa lina nishati ya mwendo ya kilojouli 180 na ushei, yaani kilowati-saa 0.05. Lisimame mara 20, na kilowati-saa nzima imekwenda kwenye breki, isipokuwa mota iwepo ya kuiokoa sehemu yake. Kutoka Chalinze kwenda Morogoro mota hiyo husubiri breki zisizokuja.

Hapa pana ujanja ambao dereva wa safari ndefu, akiwa tayari analo gari hili, asiuache. Outlander ina kitufe cha kuhifadhi umeme. Watu wengi hutoka nyumbani na betri iliyojaa, wakaiacha iishe katika barabara kuu, wakarudi kwenye foleni ya Kimara jioni kwa injini inayounguruma. Ni afadhali kinyume chake: petroli itumike pale ambapo injini hufanya kazi kwa ufanisi, katika mwendo mkubwa usiobadilika, na umeme uwekwe akiba kwa ajili ya foleni. Kilometa za umeme hazitaongezeka, lakini zitachukua nafasi ya kilometa za petroli zilizo mbaya zaidi.

Msafiri wa Morogoro anayekwenda peke yake na mkoba mmoja ana jawabu jingine, lililoanza kazi mwezi Juni 2024: treni ya umeme ya reli ya kisasa. Treni hiyo haina haja ya kujibebea nishati ya safari, maana huichota katika waya ulio juu yake njia nzima, na tatizo la matangi mawili halipo. Naye dereva wa Kibaha, ambaye mwendo wake wa kila siku unajulikana na haubadiliki, afikirie pia gari la umeme mtupu. Nissan Leaf ya mwaka 2017 yenye betri ya kilowati-saa 40 ilipimwa Marekani kwa kilometa zipatazo 240, ambazo hata zikipungua kwa theluthi zinamtosha kwenda na kurudi. Kwa uniti 0.2 kwa kilometa, siku yake ingegharimu shilingi 8,500 hivi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na gari mseto la kuchaji limeshika mbili kweli: lina betri ya kubeba na injini ya kubadilishia oili. Yule ambaye mara moja kwa mwezi anakwenda Dodoma, na siku nyingine zote yuko mjini, ndiye hasa anayestahili kuzishika zote mbili. Yeye, hata hivyo, si dereva wa safari nyingi.

Kabla ya kutoa fedha

Kuna mambo ya nyumbani yanayosahauliwa. Mteja mdogo wa TANESCO, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, badala ya 292. Gari linalochota uniti 10 kila usiku litamtoa katika kundi hilo ndani ya wiki moja, na uniti zake za zamani za taa na redio nazo zitapanda: shilingi 192 mara 75 ni 14,400 kwa mwezi, kabla ya kodi. Tena waya wa soketi itakayobeba ampea 10 kwa saa tano mfululizo sharti utazamwe na fundi mwenye leseni. Soketi inayopata moto ikichaji simu na kupiga pasi haifai kazi hii.

Lakini jambo kubwa kupita yote ni hali ya betri. Betri za lithiamu huzeeka kwa matumizi, kwa umri, na zaidi kwa joto. Mwaka 2012 wenye magari ya Nissan Leaf katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto la kiangazi hupita sentigredi 40, walilalamika kwamba betri zao zinapoteza uwezo upesi kuliko walivyotarajia, na kampuni ikalazimika kupanua dhamana yake. Gari la mwaka 2014 lililokwisha kutumika Japani miaka kumi haliwezi kuwa na kilometa 52 za karatasini, na odometa haitakuambia limebakiwa na ngapi.

Kipimo chake ni rahisi, na hata darasa laweza kukifanya likipata gari la kuazima. Betri ijazwe hadi mwisho. Gari liendeshwe katika barabara ya tambarare, kiyoyozi kikiwashwa kama kawaida, mwendo usizidi kilometa 60 kwa saa, na pedali isikanyagwe kwa nguvu, maana injini huwaka pia dereva anapodai nguvu nyingi ghafla. Kilometa ziandikwe pale injini inapowaka na kuendelea kuwaka. Kipimo kirudiwe upande wa pili wa barabara ile ile ili upepo na mteremko visiwadanganye wapimaji, na wastani uchukuliwe.

Tuseme jibu ni kilometa 28. Kipeo kinashuka kutoka 100 hadi 70. Yule dereva wa Kibaha, mwenye soketi zake mbili, sasa anapata kilometa 56 za umeme katika 120, yaani asilimia 47. Bado yuko juu ya mstari, lakini unafuu wake juu ya mseto la kawaida umepungua kutoka shilingi 4,880 kwa siku hadi 1,256. Kwa siku 300 hiyo ni 376,800 badala ya 1,464,000. Ikiwa gari mseto la kuchaji linauzwa kwa shilingi milioni 5 zaidi ya mseto la kawaida, betri ya kilometa 40 itazirudisha milioni hizo katika miaka mitatu na miezi mitano. Betri ya kilometa 28 itahitaji zaidi ya miaka 13, na itazidi kuchoka njiani.